Baharia Kwenye Tope la Singida

Wakati wa Waingereza, nilipokuwa mwalimu kijana Singida, niliombwa kuwa mkalimani wa Mzungu mmoja na mkewe. Walikuwa wameacha mashua yao ya tanga Dar es Salaam wakapanda treni, ili mama yule apige picha za heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wanaojaa ziwani kwetu. Sisi watu hatukuwahusu. Mjomba wangu, aliyekuwa akichunga ng'ombe ufukweni, walimsalimu "Jambo, boi," na kichwa chake chote kilikuwa mvi.

Nieleze kidogo. Ziwa letu ni la chumvi, na maji yakipungua huacha gamba jeupe linalofanana na sakafu. Chini yake ni tope tupu. Anayepita salama ni yule anayefuata nyayo za ng'ombe.

"Mwalimu," mjomba akaniambia yule bwana alipolielekea gamba lile, "mwambie mgeni wako hiyo si nchi kavu."

Nikatafsiri. Yule bwana akacheka. "Nimevuka bahari tatu. Nchi kavu naijua nikiiona."

Alikwenda hatua sita, akazama mpaka mapajani. Kelele zake ziliwarusha heroe wote, wakahamia ng'ambo. Mkewe alisubiri kidogo, kisha akampiga picha mumewe. Ndiyo picha pekee aliyoondoka nayo Singida.

Tulimvuta kwa kamba ya kufungia ndama. Kiatu kimoja kilibaki humo.

"Na huko baharini," mjomba akaniuliza taratibu, "hufuata nyayo za nani?"

Hilo sikulitafsiri.