Somo la Uzazi na Kaka Aliyetoka Nje

Toakase alikuwa kiziwi tangu ana miaka minne, lakini ukidhani alikuwa mnyonge, pole yako. Chuo cha uuguzi pale Nuku'alofa, mji mkuu wa visiwa vya Tonga, kilimpokea kwa sharti moja: aje na mtu wake wa kumtafsiria kwa ishara. Akaja na kaka yake Kepueli, aliyeliacha shamba lake la mihogo ili akae naye darasani. Watu wakasifu, wakapiga na picha. Mwaka wa kwanza ukapita salama.

Mwaka wa pili likaja somo la uzazi. Mwalimu Luseane alipobandika tu ule mchoro ukutani, Kepueli akainuka kichwa chini, huyoo, nje! Na angefanya nini? Kwetu Tonga kaka na dada hata filamu hawatazami pamoja, sembuse amwonyeshe dada yake mambo ya kizazi kwa mikono yake! Toakase mwenyewe angetamani ardhi immeze. Akabaki anautazama mdomo wa mwalimu ukichezacheza, haambulii kitu. Siku ya pili vile vile, na ya tatu. Na asiyefaulu uzazi hana uuguzi.

Mwalimu akawaita wote wawili ofisini.

"Mwanangu, ahirisha masomo. Labda mwakani kaka yako atakuwa amezoea."

"Azoee?" Mikono ya Toakase ilipaa. "Mwalimu, wewe una kaka?"

"Ninaye, yuko kisiwani Vava'u. Kwani vipi?"

"Mwite. Akae kiti cha mbele kabisa, halafu ufundishe."

Kepueli alilitafsiri hilo huku akitazama dari. Mwalimu uso ukamwiva, akacheka kwa aibu. "We mtoto, una maneno wewe!"

"Kaka yangu hana kosa. Kunitafsiria ni kazi ya chuo, mkaitupia familia yangu. Tafuteni mwanamke, mmwajiri. Mimi siahirishi."

Wiki iliyofuata akaja mkalimani mpya, Bi Vaisima, aliyefundisha viziwi miaka mingi. Siku hiyo Toakase alinyoosha mkono mara kumi na moja. Yalikuwa maswali ya mwaka mzima, aliyoyameza asije akamchosha kaka yake. Mwalimu Luseane akaomba maji ya kunywa.

Wakati wa mapumziko Kepueli alikuwa bado nje, anasubiri kwa mazoea.

"Kwa hiyo hunitaki tena?"

"Ukiwa kaka nakutaka. Ukiwa mdomo wangu, nenda kalime."

Kepueli akacheka mpaka machozi yakamtoka, akashika njia ya shambani. Toakase akarudi darasani peke yake.