Mpishi wa Kirumba na Meli ya Nyota

Bi Mwanaharusi wa Kirumba alikuwa mpishi wa shughuli. Ukisikia pilau ya harusi imesifiwa, ujue mkono wake ulikuwamo. Lakini moshi wa kuni na umri vilimletea mtoto wa jicho, hadi akawa anachagua mchele kwa kupapasa. Alipofanyiwa upasuaji kule Sengerema, aliambiwa kwa mwezi mzima asisogelee moshi wala asiinamie sufuria.

Siku za mwanzo alikaa kibarazani akiwakosoa waliokuwa wakikaanga vitunguu ndani. Mkwewe Nusrat, mwalimu wa sekondari upande wa Butimba, aliwaonea huruma wote, akaahidi kumletea vitabu. Bi Mwanaharusi aliagiza visa vya mapenzi, mradi maandishi yawe makubwa. Maktaba ya shule ilikuwa na vitabu vya maandishi makubwa vya aina moja tu: hadithi za kubuni za kisayansi.

Alianza kwa dharau. Kitabu cha kwanza kilisimulia mji uliojengwa chini ya maji, na kabla ya adhuhuri chai yake ilikuwa imepoa na kufanya utando. Aliinua macho yake mapya akalitazama ziwa lililometa nyuma ya mapaa. Alizaliwa kando yake, na hakuwahi kujiuliza huko chini kukoje. Cha pili kilihusu mashine iliyojifunza kuona wivu. Baada ya hapo akawa anaifungua friji ya Nusrat kwa adabu.

Getruda, jirani yake muuza dagaa, alikuja kumpa pole akaishia kusimuliwa. Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Getruda hakuwa mtu wa kusoma, ila alijua kubisha, na hilo lilizidi kumtia moto mwenzake. Katika jambo moja tu walikubaliana: watu wa vitabuni wanakula vidonge, na hayo si maisha.

Kisha ikaja meli ya nyota. Safari yake ilikuwa ndefu mno, walioianza walifia njiani, na wajukuu zao ndio waliotarajiwa kufika. Bi Mwanaharusi alisoma moyo ukimdunda. Meli ikaikaribia nchi mpya, mlango ukaanza kufunguliwa, akageuza ukurasa, akakuta jalada. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa.

"Nusrat mwanangu, watu hawa umeniachia angani," alimwambia jioni.

"Nisamehe, Mama. Nakala ni hiyo hiyo moja."

Getruda alishikilia kuwa walishuka, kwani nani asiyetaka udongo? Bi Mwanaharusi hakuwa na hakika. Mtu aliyezaliwa melini ataupendaje udongo asioujua?

Siku ya kwenda kukaguliwa macho alivuka na kivuko cha Kamanga, akapanda gari la Sengerema, akaikuta foleni ndefu kliniki. Kando yake aliketi Mzee Shimba, mfugaji, jicho moja limefungwa bandeji, akilalamikia kila kitu. Ili kumtuliza, Bi Mwanaharusi akaanza kumsimulia ile meli. Benchi la mbele likageuka. Aliyekuwa akiongea na simu akaikata. Simulizi ilipofika kwenye mlango wa meli, kurasa zikawa zimekwisha.

"Wakashuka?" akauliza Mzee Shimba.

Bi Mwanaharusi alifungua kinywa bila kujua kitakachotoka. "Waliogopa wote," akasema. "Vidonge vilikuwa vimekwisha, na aliyewalisha siku hizo ni mama mmoja mpishi. Yeye ndiye aliyesikia harufu ya mvua. Akashuka wa kwanza."

"Mvua haidanganyi," mzee akakubali. "Na ng'ombe, walibeba?"

"Ndama wawili."

Muuguzi akaita jina la Mzee Shimba. Mzee akamwomba asubiri kidogo, ndama washuke kwanza. Kliniki nzima ikacheka, na muuguzi mwenyewe akaegemea mlango kusikiliza. Bi Mwanaharusi akawashusha ndama, akawatafutia maji, akawasha moto wa kwanza wa nchi ile, mwili ukimsisimka kama msichana aliyeitwa kucheza ngoma.

Daktari alimwambia macho yamepona, arudi jikoni akipenda. Aliitikia, kisha akauliza kama yanaweza kuhimili kitabu kizima kwa siku. Daktari akasema yanaweza.

Kabla ya kupanda kivuko cha kurudi alimpigia simu Nusrat, amchukulie kitabu kingine kabla maktaba haijafungwa.

"Vilivyobaki vingi vimechakaa, Mama. Vingine havina mwisho."

"Vilete hivyo hivyo," alisema, akaingia kivukoni akitafuta kiti cha dirishani.