Shangazi Aliyekuja Kusahihisha Mhadhara

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walimpa jina la Slaidi, kwa kuwa alizisoma slaidi zake zote arobaini neno kwa neno. Alikuwa mhadhiri wa uchumi, kijana mwenye bidii, lakini nadharia zake ziliingia sikio hili na kutokea lile.

Siku moja taa ya projekta iliungua katikati ya kipindi. Somo lilikuwa mali ya pamoja: kwa nini kitu cha wote huchakaa na hakuna anayekishughulikia. Kwa kukosa la kufanya, akaanza kuwasimulia habari za shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea katika nyumba ya wapangaji sita. Uani palikuwa na kamba moja ya kuanikia nguo. Wote waliitumia, wote waliilemeza, na ilipokatika kila mmoja alimtegea mwenzake aiunge. Mwisho, akasema, shangazi alichoka, akaikata vipande sita akawagawia.

Darasa likawaka moto. Wengine walimuunga mkono shangazi, wengine wakauliza shuka litaanikwaje kwenye kipande kile. Kipindi kiliisha, wakabaki vitini wakibishana.

Kati yao alikuwamo binti aliyekuwa akishonewa gauni na shangazi huyohuyo, na maneno hayana miguu lakini hufika. Juma lililofuata shangazi aliingia darasani, utepe wa kupimia shingoni, akakaa benchi la mbele. Shangazi aliomba ruhusa ya kusema.

“Wanangu, huyu alikuwa na miaka saba, alikumbuka alichotaka. Kamba sikuikata. Tulikaa kikao, tukapangiana siku. Aliyevunja zamu alizibua mtaro.”

Binti yule akauliza, je, mtu akidanganya?

“Adanganye vipi, na madirisha sita yanatazama uani?”

Walicheka hadi mhadhiri naye akacheka. Kisha akageukia ubao, akawaonyesha kwamba kikao kile, zamu zile na mtaro ule vilikuwa nadharia nzima ya watu kujitungia sheria, ile aliyokuwa amepanga kuwasomea mwezi ujao.

Tangu hapo kila nadharia ilianza na kisa cha nyumbani kwa mtu, kwa sharti kwamba mwenye kisa aulizwe kwanza. Kwenye mtihani karibu wote walifaulu swali la mali ya pamoja. Mmoja tu aliandika kuwa nadharia hiyo iligunduliwa na fundi cherehani, na mhadhiri, baada ya kufikiri sana, akampa nusu alama.