Mshumaa Niliouangusha kwa Wivu

Mimi ni mtu wa kukaa ndani, na wivu wangu hukaa humo humo. Tangu biashara iwe huria, Shabani wa Makambako ameleta mashine ya kuonyesha video hapa Njombe, na mke wangu humsikiliza kuliko mimi.

"Shemeji, kule angani moto wa mshumaa huwa duara," Shabani alimwambia mke wangu siku moja, ameketi sebuleni kwetu.

"Mwongo!" nikasema. Nilisoma fizikia hadi kidato cha nne: kitu kikiwa kinaanguka hukosa uzito, ni kama kipo angani. Nikafunga madirisha, nikawasha mshumaa ndani ya chupa ya jamu, nikapanda mezani, nikaiachia iangukie godoro nililotandika sakafuni.

"Lo, duara!" nikapiga kelele, mimi wa kwanza.

Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. "Baba Neema, shuka umpe shemeji mkono."