Mfuko wa Kanzu ya Baba Mlezi

Kitambaa kipya cha marekani kikipitiwa na pasi ya makaa hutoa harufu kama ya uji unaoanza kushika sufuria. Juzi stima zilipotea hapa kwetu na mjukuu wangu alikuwa anangoja kanzu yake ya kanisani, basi nikaitoa ile pasi ya zamani chini ya kitanda nikaitia makaa. Harufu ilipopanda ikanibidi nikae kitako. Mtoto akauliza, "Kukhu, umeungua?" Nikamwambia hapana, nimekumbuka watu.

Acha niwataje, maana shule niliiacha mapema lakini majina hayajawahi kunitoka. Alikuwepo Mama yangu, Rebeka, aliyeshona kanzu za kanisa letu. Nilikuwepo mimi Nafula, kitinda mimba wake, mtoto pekee aliyekuwa amebaki nyumbani. Alikuwepo Mama Mutuku, jirani wa mlango kwa mlango, mtu wa Ukambani ambaye mumewe alichonga twiga wa mbao na kuwauza mjini. Yeye alisali kanisa lingine, na sisi alituona kama sinema ya bure. Alikuwepo Ndugu Silfano, karani wa kanisa, kalamu kifuani hata siku ya kuchota maji. Alikuwepo Mama Peresi, kiongozi wa akina mama, ambaye sauti yake ilifika kabla yake. Na alikuwepo Baba Mlezi Eliakimu, mkuu wetu, aliyekuwepo kutushinda sote ingawa alikuwa amelazwa hospitali mjini na hakuna aliyejua kama bado anapumua.

Tulikaa mtaa wa Umoja, kwenye ploti ya vyumba vilivyozunguka bomba moja la maji. Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo inaanza. Kanisa letu halikuwa kubwa, lakini Jumapili tulipotoka weupe tangu kichwani hadi kisiginoni, ngoma mbele na watoto nyuma, hata makanga waliacha kuita abiria wakatupisha. Watu walituita "watu wa kanzu", na jina hilo halikutuudhi.

Baba yangu alifanya kazi reli, akafa nikiwa bado natambaa. Mama alisema matanga yalipoisha na wageni wakatawanyika, alibaki na sisi, sufuria na jiko. Ndipo siku moja akamwona Baba Mlezi anakuja kutoka upande wa soko la Gikomba, na kanzu yake, akitembea nyuma ya mkokoteni, mkono mmoja umeshikilia cherehani isianguke. Mwendo wote huo kwa miguu. Akaiingiza ndani, akamwambia, "Rebeka, cherehani ni ya kanisa, lakini mguu ni wako." Mguu huo ndio uliotulisha. Mimi nililala nikiusikia na nikaamka nikiusikia, na mpaka leo nyumba isiyo na mlio wa cherehani naiona kama haina mtu.

Sisi watoto tulimpenda Baba Mlezi kwa ajili ya mfuko. Kanzu yake ilikuwa na mfuko mpana ubavuni, na ndani yake hazikukosekana njugu. Alitia mkono, akatoa konzi, akakumiminia kiganjani bila kukatisha mazungumzo na wakubwa, kana kwamba mkono ule ulikuwa na akili zake wenyewe.

Sasa nieleze desturi mbili, mtanielewa mbele. Ya kwanza, kanzu ya kuzikiwa haikuwa na mfuko, kwa kuwa anayezikwa hachukui kitu. Ya pili, hakuna muumini aliyeruhusiwa kumwona Baba Mlezi akiwa hajavaa kanzu yake. Desturi hii ya pili haikuwahi kumsumbua mtu, mpaka siku alipougua, hospitali wakamvua kanzu na kumvisha pajama zao za mistari.

Mnaona taabu yake. Watu wazima wenye akili zao walipanda gari, wakafika mpaka kwenye mlango wa wodi, wakageuka. Habari za Baba Mlezi ikawa lazima tuzipokee kwa watu wasio wetu: mama wa kufagia wodi, askari wa geti, muuza ndizi wa nje ambaye alimjua kwa sura tu. Na kila mmoja alisema lake.

Asubuhi Ndugu Silfano aliingia ploti na uso umemshuka. "Baba hatunaye. Askari amewaona wakitoa kitanda." Jioni Mama Peresi akaja anapiga makofi. "Nani hatunaye? Amekunywa uji, akaomba na mwingine. Mama wa kufagia ameosha kikombe kwa mkono wake." Basi pale bombani upande mmoja walikuwa wanaimba za msiba na upande wa pili za shukrani, wote kwenye foleni moja, na mitungi ikijaa. Dada mmoja alishanyoa nywele kwa kuomboleza, akawa anavuta kitambaa kichwani mpaka nyusi wasimwone waliokuwa wakishangilia. Kuku aliyechinjwa kwa ajili ya matanga aliliwa kwa shukrani, na kesho yake, habari zilipogeuka tena, waliomla wakaanza kuulizana kama walifanya vizuri.

Oti, kijana wa chumba cha mwisho mwenye redio kubwa, akamuuliza Mama habari za Baba Mlezi kwa lugha ya vijana, "Mathe, kwani mbuyu wenu amededi ama hajadedi? Nijue kama nizime ngoma."

Mama Mutuku akamjibu akiwa anasuuza nyanya zake, "Wewe punguza tu. Itafaa kote kote."

Katikati ya vurugu hizo Ndugu Silfano alileta kitambaa cha marekani, kipya, bado kina gamu ya dukani. Akakiweka juu ya cherehani. "Dada Rebeka, shona ya kuzikiwa. Tukiitiwa mwili na kanzu haipo, baraza litasema cherehani ya kanisa imepewa mtu asiye na faida, na nitakuja kuichukua mwenyewe." Hakusema kwa ubaya, ila alisema. Hata kitambaa hakijakatwa, Mama Peresi akawa mlangoni. "Dada Rebeka, nasikia umepewa kazi. Nikikuta kanzu isiyo na mfuko humu ndani, Baba yuko hai, nitajua unamwombea kifo. Akina mama wataibeba cherehani hii kichwani, wakampe anayemwombea uzima."

Walipoondoka Mama alikaa mbele ya cherehani, mguu juu ya pedali bila kuukanyaga. Nilikuwa mdogo lakini nilielewa vizuri: akishona hivi, cherehani inakwenda, na akishona vile, cherehani inakwenda. Niliangalia ukuta mahali ilipokuwa imeegemea nikajaribu kuona ukuta mtupu. Sikuweza.

Kesho yake akakata kitambaa. Alishona kanzu yote kwa mashine, nzuri, mishono midogo kama punje za wimbi. Halafu akakata mfuko, akaupachika ubavuni kwa kupiga bandi tu, ule uzi mrefu wa mkono wa kushikilia kwa muda, ambao ukishika ncha na kuvuta, unatoka wote. Akanionyesha ncha. "Ukimsikia Ndugu Silfano getini, vuta. Ukimsikia Mama Peresi, niletee sindano."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilikaa kwenye ngazi nikisikiliza nyayo. Ndugu Silfano alikohoa kabla ya kubisha, nami nikavuta, mfuko ukateremka mikononi mwangu, akaingia, akaipapasa kanzu, akatikisa kichwa kwa huzuni iliyoridhika. Mama Peresi alisikika tangu kwenye duka la kona, Mama akapiga bandi mbio mbio, naye akakuta mfuko mahali pake, akatia mkono na kuomba akiwa ameushika. Mama Mutuku alitutazama kutoka mlangoni pake, kanga mdomoni, mabega yanamcheza.

Ilikwenda hivyo mpaka siku walipotuma ujumbe wote wawili kwamba kesho jioni watakuja pamoja na wazee wa baraza, waone kanzu, yaishe.

Mama alimaliza kupika, asile. Mama Mutuku akaingia, akajikalia kwenye stuli.

"Mama Nafula, si mwende mkamwangalie?"

"Huijui desturi yetu, Mama Mutuku. Hatumwoni bila kanzu."

"Kanzu zake nani anashona?"

"Si ni mimi."

"Na ukimpima, huwa amevaa nini?"

Mama Mutuku akamtazama tu, kama mtu anayesubiri maziwa yachemke. Mama alipima watu wakiwa na fulana tu. Miaka yote hiyo alikuwa amemwona Baba Mlezi na fulana yake iliyotoboka begani, na desturi haikuwahi kuuliza. Mimi nami nilikuwa sijavishwa kanzu, kwa hiyo sikuhesabiwa muumini. Mchana uliofuata, saa za kuona wagonjwa, tulikuwa tumesimama kando ya kitanda chake, kanzu ndani ya kikapu chini ya kabichi.

Alikuwa hai. Lakini pajama zile zilimkaa kama zimetundikwa kwenye kamba, na mikono yake ilitembea tembea juu ya blanketi ikitafuta kitu. Alimtambua Mama, akanitambua na mimi. Akasema, "Nafula, leo sina njugu, wamenivua duka langu." Akacheka kidogo, kikohozi kikamkatiza.

Mama akaitoa kanzu, akamwekea kifuani. Mkono wake ukaenda ubavuni wenyewe, ukaingia mfukoni, ukatulia. Halafu kidole kikakutana na ncha ya uzi. Akaichezea.

"Rebeka. Hii umepiga bandi."

"Ndiyo, Baba."

"Kwa hiyo na wewe hujui."

"Nimeambiwa yote mawili, Baba."

"Hata mimi nimeambiwa yote mawili. Asubuhi daktari, jioni nesi."

Mimi nikaona kama hawatasema lililotuleta, nikasema mimi. "Wanakuja kuchukua cherehani leo. Huyu akiona mfuko, na yule asipouona."

Mama alinifinya, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Baba Mlezi akauzungusha uzi kidoleni, mkono ukiwa bado mfukoni. Akasema, "Ushone uingie kabisa."

"Baba, na desturi?"

"Hiyo desturi ya mfuko niliiweka mimi, nikiwa kijana mwenye nguvu. Sikujua mkono wa mgonjwa unavyotaka mahali pa kukaa. Shona, mama. Halafu univishe, uwaite wote waje wanione. Leo hii."

Mama akatoa sindano kwenye kilemba. Akashona mfuko ule akiwa ameinama juu ya kitanda, mshono mdogo mdogo wa mkono, akarudia mara ya pili, na hakuinua uso mpaka alipokata uzi kwa meno. Tukamvisha. Niliona machozi ya Mama, nikayahesabu kuwa ya furaha. Mfuko umeshonwa, basi Baba Mlezi amepona. Nani hakujua hivyo?

Tuliporudi Umoja niliteremka kwenye gari nikakimbia mbele ya Mama nikitangaza kila mlango, "Amepona! Mama ameshona mfuko!" Oti akafungua redio mpaka mwisho. Yule dada aliyenyoa akavua kitambaa chake akacheza na kipara. Nilimgeukia Mama ili anisaidie kutangaza. Alikuwa amesimama na kikapu kilichobaki na kabichi tu, ananitazama, na hakunikataza. Aliwaambia tu Ndugu Silfano na Mama Peresi, "Baba amevaa kanzu. Anawaita."

Walikwenda wote, weupe, bila ngoma. Nesi aliwapanga foleni kama ya bombani. Nasikia Ndugu Silfano ndiye aliyelia kwanza na Mama Peresi ndiye aliyemshika mkono. Baba Mlezi aliwaambia mengi ambayo mimi sikuwepo kuyasikia, lakini neno moja walilileta wote wawili mpaka mlangoni kwetu, wamesimama bega kwa bega: cherehani ni ya mwenye mguu. Mama akawakaribisha chai.

Kanzu ile hakuivua tena. Alikufa kabla ya mvua za masika, akiwa ameivaa, na safari hii habari ilifika moja tu na kila mtu akaiamini. Mimi nilimkasirikia Mama. Nilimwambia alinidanganya, kwamba mfuko ulishonwa. Alinipakata, mkubwa nilivyokuwa, akasema, "Sikukudanganya, Nafula. Nilishona."

Ilinichukua mpaka nilipomuuguza Mama mwenyewe ndipo nikaelewa alichokiona siku ile. Mshonaji hahitaji kuambiwa na daktari. Alipomvisha Baba Mlezi aliona mabega yake hayafiki tena pale alipokatia kitambaa, na alijua anamvisha nguo ya kuzikiwa, na Baba Mlezi alijua kwamba anajua. Sisi nje tulikuwa tunagombana amekufa au yuko hai. Wao wawili walikuwa wameshamaliza habari hiyo kwa sindano. Mama aliniacha nitangaze kwa sababu siku ile ilikuwa kweli yuko hai, na Umoja nzima ilistahili kufurahi angalau jioni moja kabla ya kulia.

Namshukuru kwa jioni ile. Namshukuru mzee aliyetembea nyuma ya mkokoteni, na Mama Mutuku aliyetuuliza swali tulilokuwa hatuthubutu kujiuliza. Cherehani ninayo. Pedali imelika upande mmoja, pale mguu wa Mama ulipokaa, na mguu wangu umepata njia yake humo humo.

Wengine mliokuwepo bado mko hai, na watoto wenu wanasoma. Pengine aliyeleta habari ya uji si Mama Peresi, ni dada yake. Pengine ilikuwa Jumanne mimi nadhani ni Alhamisi, au mfuko ulikuwa ubavu wa kushoto nami nauona wa kulia kwa sababu nilisimama upande ule wa kitanda. Njooni mnisahihishe, mlango ni ule ule na chai ipo. Ila msije mkaniambia alizikwa bila mfuko. Niliutia njugu mimi mwenyewe.