Sweta Tulizouza Siku ya Mvua ya Mawe

Nakumbuka Krismasi moja hapa Elburgon, mwanangu, na nimeikumbuka leo kwa sababu nasikia vijana wa kikundi mnataka kufuta mauzo yenu ya Jumamosi. Mmeona mawingu kule msitu wa Mau mkaogopa. Vuta kiti nikuambie habari za mawingu hayo, maana tunajuana nayo tangu nikiwa na kiuno chembamba.

Nilikuwa nimeolewa mwaka huo huo. Wanawake wa kanisa letu walikuwa na kikundi cha kazi za mikono. Wengine walisuka vikapu, wengine walishona vitambaa vya meza, nami nilifuma sweta. Nilifuma nikichunga sufuria, nilifuma hata wageni wakiniongelesha. Mzee wangu, ambaye wakati huo hakuwa mzee hata kidogo, aliona nachezea uzi wakati wenzangu wanachuma maua ya pareto shambani. Tukakubaliana, au niseme yeye alisema nami nikanyamaza: nipeleke sweta zangu kwenye mauzo ya Krismasi, na zikirudi nyumbani, sindano ziwekwe darini nami nirudi shambani. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyoweza kumweleza mtu.

Asubuhi ya mauzo kulikuwa na jua zuri. Tukatandika mikeka kwenye uwanja wa kanisa, na kabla hatujauza hata kitambaa kimoja, mvua ya mawe ikashuka. Uwanja ukawa mweupe, kisha ukawa tope. Watu waliokuwa wakija kwetu wakakimbilia ng'ambo ya barabara, kwenye banda kubwa la kupasulia mbao. Nikasukuma sweta zangu ndani ya gunia huku nikilia. Bahati nzuri uso ulikuwa umelowa tayari.

Cucu Tabitha, bibi msuka vikapu tuliyemwita cucu, yaani nyanya, kwa kuwa alikuwa mkubwa kuliko sote kikundini, akanikuta nikifunga kamba.

"Unafunga nini, msichana?"

"Cucu, mauzo imeharibika. Mvua imefukuza watu."

"Haijafukuza mtu. Wote wako pale kwa banda, na wanatetemeka." Akaninyang'anya kamba. "Mwaka mzima umefuma nguo ya baridi. Sasa baridi imekuja, unaificha kwa gunia. Ulikuwa unangoja uwauzie jua likiwaka?"

Nikalitupa gunia begani. Nilipogeuka, alikuwa ameshajifunika karatasi ya nailoni na kuanza kuvuka barabara, vikapu kichwani, akitupigia kelele tumfuate.

Mlinzi wa banda alikuwa mpwa wake, au ndivyo alivyosema. Cucu alikuwa na wapwa wengi siku za shida. Ndani palikuwa pakavu, miguu ikizama kwenye vumbi la mbao, nasi tukatundika sweta kwenye ncha za mbao zilizopangwa. Malori yalikuwa yamekwama kwenye tope, na wasafiri waliokuwa wakienda kwao kula sikukuu walijaa humo, wamelowa chapachapa. Sikuita mteja hata mmoja. Dereva mmoja mnene alijisukuma ndani ya sweta niliyomfumia mwanamke, mikono ikaishia kwenye viwiko, akasema, "Mama, hii haitoki tena, shika tu pesa." Banda zima likacheka. Mtu akaanzisha wimbo wa Krismasi, mvua ikapiga mabati, nasi tukashindana nayo. Vitambaa vya meza vilinunuliwa na watu waliotaka kujifuta nywele, lakini vilinunuliwa.

Ikabaki sweta moja kubwa ya kijani. Hapo mzee wangu akaingia. Alikuwa ametembea kutoka shambani kuja kunibebea gunia, kwa maana alikuwa na hakika limejaa. Amelowa hadi soksi, meno yanagongana. Akatazama gunia tupu, akatazama watu waliovaa kazi yangu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hiyo ya mwisho ni ya nani?"

Kabla sijafungua mdomo, Cucu Tabitha akamjibu. "Ni ya mwenye pesa, kijana. Na usiombe kupunguziwa ati kwa sababu ulimuoa."

Akalipa bei nzima mbele ya watu, huku akicheka, akaivaa pale pale. Nikazihesabu zile pesa mara mbili kwa furaha. Sindano hazikupanda darini. Ile sweta ya kijani anayovaa leo akikama ng'ombe, yenye viwiko nilivyoviziba kwa uzi wa kila rangi, ndiyo hiyo.

Nasaha yangu, mwanangu, ni kwamba msifute mauzo. Kabla ya kuilaumu mvua, tazameni imewapeleka watu wapi na huko wanahitaji nini, kisha wafuateni. Kazi uliyoihangaikia mwaka mzima usiifunge guniani kwa mikono yako mwenyewe. Mwache mtu aikatae kwanza, na mara nyingi hataikataa. Na ukimwona mwenzako analia kando akifunga vitu vyake, mnyang'anye kamba, maana mimi peke yangu nisingevuka ile barabara.

Mungu aibariki mikono yenu. Akupe kazi unayoipenda, na mtu mzima wa kukukemea siku utakapotaka kuiacha. Jumamosi ikinyesha, mzee wangu nami tutakuwa wa kwanza mlangoni, tumelowa na tunatetemeka. Tuuzieni bei nzima.