Maneno ya Babu Kwenye Memori Kadi

Aibu hii nilitaka kufa nayo, ila kwa kuwa ukoo wetu mzima kule Mkata unaisimulia, tena vibaya, bora msikie kwangu mwenyewe.

Mimi ni fundi kompyuta pale Korogwe, na tuko kikundi cha watu tunaotengeneza toleo letu la Linux, ile programu ya kuendeshea kompyuta, basi nikapewa kazi ya kujaribu mfumo mpya wa kuhifadhi mafaili kwenye memori kadi kabla hatujauruhusu kwa watu: unaandika faili, unakata umeme ghafla, unawasha, unaangalia kama limepona. Nikiwa kwa bibi kule Mkata kadi yangu ikafa, nikaona ile ya kwenye redio yake, nikamuuliza (niliuliza, jamani, mjue hilo), "Bibi, humu kuna nini?"

"Maneno tu ya babu yako."

Sasa babu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa maneno, akigombana hata na mbuzi. Nikafomati, kadi ikawa tupu. Bibi akakaa kwenye swichi, mimi nikawa namwelekeza huku najirekodi kwenye kadi hiyo hiyo, ili kuwe na faili la kujaribia, tukakata umeme mara kumi na moja na hakuna kilichopotea, nikairudisha kadi redioni nikiwa na furaha zangu.

Siku ya arobaini, baba mkubwa akasema, "Leteni redio, tusikie wosia wa marehemu kuhusu shamba."

Hapo ndipo nilipoelewa ni maneno gani. Redio haikuujua mfumo mpya, ikanyamaza, nikaitwa mimi fundi, na kwa woga nikachomeka kadi kwenye laptop mbele ya wazee.

"Haya, kata," sauti ikasema. "Kata tena."

(Wanasema sauti yangu ni ya babu mtupu.)

"Mmesikia," akasema baba mkubwa. "Shamba likatwe."

Bibi akanitazama. Babu alikuwa amemwachia yeye shamba lote, na ushahidi ulikuwa kadi ile tu. Nikasimama, nikasema sauti ni yangu, wosia nimeufuta mimi.

"Uliufuta kwa nini?" akauliza mzee mmoja kwa upole.

"Nilikuwa napima kama kadi inapoteza vitu."

Wosia haukuwepo tena. Shamba likagawanywa, bibi akabaki na kipande cha kando ya lami, nami namlimia kila msimu na bado inaniuma. Nimeapa kutofuta kadi ya mtu kabla sijaisikiliza mwanzo hadi mwisho.

Mfumo tumeshauruhusu. Kwenye ripoti, palipoulizwa kilichopotea, niliandika "hakuna", nikafuta, nikaandika: shamba la bibi.